UZI: Kutoka Lusaka hadi Kigoma kwa ndege, na namna nilivyoanza maisha Mwisho wa Reli

Msukuma Toroli:

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu niseme nimehamia Kigoma, maswali hayaishi kwenye simu. Umepitia wapi, mizigo umeifanyaje, nyumba zinapatikana, ziwa unaliona dirishani? Nimeona nimwage yote hapa, atakayefuata njia hii asipapase. Mwenye haraka apite, maneno ni mengi.

Tuanze na ramani, maana ndiyo inayodanganya watu. Lusaka na Kigoma zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, moja kusini, nyingine kaskazini. Zambia yenyewe inaligusa Ziwa Tanganyika pale Mpulungu, na Kigoma ni ziwa hilohilo. Ukitazama utasema ni kupanda juu kidogo tu. Kwa ndege sivyo. Unakwenda mashariki mpaka Dar es Salaam, unanusa bahari, kisha unageuza na kuikata nchi nzima kurudi magharibi. Huu ni mji ambao Kongo iko ng'ambo ya maji na Burundi iko hapo kaskazini, lakini mgeni wa angani anapelekwa Pwani kwanza. Ukilikubali hilo mapema, mipango mingine inakaa yenyewe.

La pili ni saa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika muda wa mahali ndege ilipo. Ukisoma unaondoka Lusaka saa nane mchana na kufika Dar saa kumi na moja na nusu jioni, usidhani utakaa hewani saa tatu na nusu. Saa moja humo ni ya mishale tu. Hesabu hiyo inawaumbua wanaopanga ndege mbili siku moja.

Mimi nilikata tiketi mbili tofauti kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Tiketi mbili ni mikataba miwili: ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na wewe. Kwa hiyo niliweka usiku mmoja wa kulala Dar katikati, na rafiki zangu wakanicheka kwamba natupa hela ya gesti. Ndege ya Lusaka ikachelewa kuondoka. Tulikalishwa bila maelezo ya maana (shirika silitaji), tukatua Dar giza limeshaingia. Kuna jamaa tuliokuwa nao waliotakiwa kuunganisha usiku uleule kwenda mikoani, niliwaacha wanakimbia na mabegi huku simu ziko sikioni. Mimi nikaenda zangu Kipawa, nikala chipsi mayai, nikalala. Mwenye tiketi moja yenye safari zote mbili ndani yake yuko salama zaidi, maana hapo wa kuhangaika kukufikisha ni shirika. Begi lakini nililichukua Dar na kulipitisha forodha kabla ya safari ya ndani, hivyo hata ndege ikiwahi, weka muda wa foleni.

Madogomadogo ya njiani. Kwacha zibadilishe kabla hujaondoka Lusaka. Ukija nazo Kigoma utazitunza kama picha, huku pesa ya jirani inayofahamika ni faranga, ya Burundi na ya Kongo. Dola nazo usizitegemee kulipia gesti wala kodi ya nyumba: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipana fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni hukohuko, huku ni marufuku tangu Juni 2019 na mgeni anatakiwa kuisalimisha anapoingia.

Ndege niliyopanda asubuhi kuja Kigoma ni zile za mapangaboi, Dash 8 Q400. Wapo wanaozibeza. Mimi nazipenda kwa safari ya namna hii kwa sababu haziendi juu sana kama zile kubwa, unaiona nchi. Kasoro yake ni sehemu ya kuwekea mabegi juu ya kichwa: begi lililoingia vizuri kwenye ndege ya Lusaka linaweza kugoma huku. Vitu vya thamani na vyeti viweke kwenye kimfuko kidogo ambacho hata likichukuliwa begi, chenyewe unabaki nacho mapajani.

Ukipata siti ya dirishani usilale. Kuna misitu ya miombo ya Tabora isiyokwisha, kisha chini panaanza kung'aa vipande vya maji na majani: hayo ni mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya maeneo oevu, mwaka 2000. Baada ya hapo vilima, halafu ghafla ardhi inaisha na ziwa linaanza, na nyuma yake milima ya Kongo. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alisema "haya, tumefika nyumbani" kwa sauti ya mtu anayefungua geti la kwake. Mimi nilikuwa naanza kujiuliza nitakaa wapi.

Naweka hapa kwanza, sehemu ya kutafuta nyumba inakuja.

---

Kitenge cha Kalemie:

Nimeweka kigoda. Mkuu, hiyo mizigo mikubwa ulipita nayo wapi? Maana kilo za ndege zinajulikana, na mtu aliyekaa nchi ya watu ana sufuria, godoro, tivii.

Msukuma Toroli:

Godoro niligawa, mkuu. Godoro halihami nchi.

Vilivyobaki vilitangulia kwa barabara: Nakonde, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, Kigoma. Andika orodha ya kila kitu, uonyeshe kuwa ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika na kwamba unarudi kukaa, na ushikilie karatasi zako za kazi ya huko. Vyombo vya mtu anayehamisha makazi vina utaratibu wake forodhani, tofauti na bidhaa za biashara. Ukifunga vitu vipya ndani ya boksi zake za dukani, usilalamike ukiulizwa maswali.

Mtoto wa Relini:

Mtu anakuja Mwisho wa Reli kwa ndege, halafu anaandika uzi! Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, ili watu kama wewe wafike vizuri. Siku hizi SGR, reli mpya ya kisasa, ya Dar hadi Dodoma ipo tangu 2024. Ukishuka Dodoma unadaka basi la kuja Tabora na Kigoma, unakula mahindi ya kuchemsha njiani, unapiga soga. Ndege inakufikisha ukiwa bado hujajua umekuja wapi.

Msukuma Toroli:

Hahaha mkuu, soga nazitaka, ila mwajiri alinitaka Jumatatu. SGR ya Tabora hadi Kigoma mkataba ulisainiwa 2022, kilomita 506. Siku ikifika tutapanda wote, wewe utanunua mahindi.

Njia ya Manyovu:

Kwa wanaotoka Bujumbura, msisome sehemu ya ndege mkadhani inawahusu. Kutoka Bujumbura kwenda Dar kisha kurudi Kigoma ni kuzunguka mbuyu bila sababu. Shukeni na barabara ya kusini mwa Burundi mpaka mpaka wa Mugina, upande wetu ni Manyovu, na kutoka Manyovu mpaka Kigoma mjini ni lami. Pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki mkononi, asubuhi unaondoka, na mambo yakienda sawa jua halijazama unakula mgebuka, samaki wa ziwa letu. Mwenye mzigo mkubwa ndiye atakayekaa kidogo mpakani.

Bint Ujiji:

Kaka Toroli, karibu sana kwetu. Ila nimesoma mpaka chini sijaona neno Ujiji. Wewe umehamia Kigoma ipi? Manispaa yenyewe jina lake ni Kigoma-Ujiji, na wakati misafara inatia nanga Ujiji hapo stesheni palikuwa pori. Burton na Speke mwaka 1858 walifikia Ujiji. Livingstone na Stanley mwaka 1871 walikutania Ujiji. Hakuna aliyekutana na mtu Mwanga sokoni.

Msukuma Toroli:

Dada yangu, shikamoo kabisa. Ujiji inakuja, tulia.

SEHEMU YA PILI: KUTAFUTA PA KUKAA

Jambo la kwanza nililoligundua huku ni jua. Tanzania nzima tunatumia saa zilezile, lakini Kigoma iko magharibi mno, karibu dakika arobaini nyuma ya Dar kwa mwendo wa jua. Miezi ya kiangazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado unawasha taa, na jioni watu wako barazani mpaka saa moja mwanga upo. Ajabu ni kwamba jua la Kigoma na la Lusaka yanakwenda karibu sawa, ni saa za ukutani tu zilizotofautiana. Mwili wangu ulibaki Zambia kwa muda, nikawa naamka "nimechelewa" wakati mtaa mzima umelala. Ofisini wanaanza saa moja na nusu, na ukitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo unatembea gizani, kwa hiyo umbali wa nyumba na kazi una maana kuliko unavyodhani ukiwa Dar.

La pili ni vilima. Mji umekaa kwenye mteremko. Barabara ya Lumumba inapanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, na ukiipanda kwa miguu saa saba mchana utajua una mapafu. Dalali akisema nyumba iko "hapo juu tu kidogo", muulize bajaji inafika mlangoni au inakuachia chini. Muulize pia maji yanapanda mpaka huko kwa siku ngapi kwa wiki. Halafu usimwamini, waulize majirani, hasa yule mama anayefua. Nyumba yenye ndoo nyingi zimepangwa ukutani imeshakujibu.

Nilikaa gesti kwanza, na huu ndio msimamo wangu mkuu kwenye uzi huu: usilipie nyumba ya Kigoma ukiwa nchi nyingine. Nilitumiwa picha nyingi nikiwa Lusaka, madirisha ya alumini, vigae vinang'aa, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Picha haikuonyeshi mteremko, haikuonyeshi maji, wala haikuonyeshi kwamba nyuma ya ukuta kuna baa. Dalali huku, kama kwingine, anachukua kodi ya mwezi mmoja, na anazifahamu picha zote za mji. Tafuta gesti ya kawaida, lala hapo, tembea jioni, panda daladala ya Mwanga na Ujiji kwenda na kurudi bila shughuli yoyote. Utauelewa mji kuliko kwa picha mia.

Maeneo, kwa jinsi nilivyoyaona mimi:

Mwanga ni katikati, soko, kelele, kila kitu karibu. Ukipenda usingizi mzito utateseka. Gungu na Katubuka ziko upande wa uwanja wa ndege, wenyeji wapole, nyumba mpya nyingi. Bangwe iko chini karibu na ziwa, upepo wake mzuri, ila usafiri wa jioni uulizie kabla. Kibirizi kwa mtu wa biashara ndiyo penyewe, boti za mbao za kwenda vijiji vya kaskazini na upande wa hifadhi ya Gombe zinaondokea pale, na dagaa wanaanikwa pale. Harufu utaizoea au haitazoeleka, hakuna katikati.

Na Ujiji. Dada, Ujiji nimeipenda kwa macho: miembe mikubwa, baraza, watu wanasalimiana mpaka salamu inakuwa safari. Pametulia na ni tambarare. Sijakaa huko kwa sababu kazi yangu ni upande wa bandari, na hilo giza la asubuhi.

Laini ya simu: yangu ya zamani ilikuwa imefungwa kwa kukaa muda bila kutumika. Kusajili mpya unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole. Fanya Dar au fanya Kigoma, lakini fanya siku ya kwanza, maana bila laini huna pesa ya simu, na bila pesa ya simu hata umeme wa LUKU unaomba watu.

---

Bint Ujiji:

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine mpaka uje kula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Na ukifika dukani kwa mtu huku, salimia kwanza, uliza hali ya nyumbani, ndipo uulize bei. Wageni wa Dar wanaingia na "hii shingapi?" halafu wanashangaa wanauziwa ghali.

Kasulu Kwetu:

Anayekuja kwa kazi za mashirika ajue "Kigoma" kwenye barua ya ajira inaweza kuwa mkoa, siyo mji. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanza 1996, iko Kasulu, na kazi nyingi ziko huko na Kibondo. Nimeona kijana amelipa nyumba Mwanga miezi sita, Jumatatu anaambiwa kituo chako ni Kasulu. Soma kituo cha kazi kabla ya kusoma mshahara.

Msukuma Toroli:

Hii ningeiweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza. Asante mkuu.

Mvuvi Mstaafu:

Vijana, mnaohamia mjue kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unalala. Tena nchi nne za ziwa hili zimekubaliana kulipumzisha. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mgeni aliyekuja wakati ule alifika Kigoma akaulizia samaki akaonyeshwa maharage.

Na wewe Toroli, ulisema Mpulungu. Sisi tuliijua njia hiyo kwa meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa inakwenda mpaka Zambia, na mtu wa huko alifika Kigoma bila kuiona Dar. Ndiyo iliyokuwa njia ya kunyooka unayoitafuta kwenye ramani.

Msukuma Toroli:

Shikamoo mzee. Nilishuka bandarini kuitazama, nikaambiwa iko matengenezoni. Ikianza tena kwenda kusini, nitawafuata jamaa zangu wa Zambia kwa maji na nitarudi na uzi mwingine.

Kitenge cha Kalemie:

Mzee amemaliza. Kuna watu wanakaa mji huu miaka hawajui meli ile ilizamishwa na wenyewe.

Nesi Mtarajiwa:

Samahanini kaka na dada zangu. Mimi natoka masomoni Nairobi, nimepata nafasi hospitali ya Maweni, sijawahi kufika Kigoma. Nasafiri peke yangu, naunganisha Dar. Tiketi yangu ni moja, ila nafasi kati ya ndege na ndege ni saa mbili na nusu. Inatosha? Na mwanamke peke yake, nianzie wapi kukaa?

Msukuma Toroli:

Hongera dada. Nairobi na Dar saa zenu ni moja, huna mtego wa mishale niliousema. Kwa kuwa tiketi ni moja, wakikuchelewesha ni juu yao kukutafutia nyingine. Saa mbili na nusu zinatosha kama hutazubaa: pasi, begi, forodha, kisha uulize hapohapo ndege ya Kigoma inaondokea jengo gani. Ukiwa bado Nairobi, kwenye kaunta, uliza begi lako linaandikiwa wapi na uitazame ile karatasi kwa macho yako. Kigoma inaandikwa TKQ. Ukiona herufi za Dar peke yake, ujue utalibeba mwenyewe.

Bint Ujiji:

Mdogo wangu, usianze na kulala Ujiji kwa sababu yangu, Maweni iko upande wa mjini na zamu za usiku zitakutesa. Tafuta gesti ya kifamilia Mwanga, iliyo barabarani, yenye mama mwenye nyumba anayeishi humohumo. Ukiripoti kazini waulize manesi wenzako nani anatafuta mtu wa kushirikiana nyumba, huwa hakosekani. Neti ya mbu nunua siku hiyohiyo, huku malaria haina mgeni. Na ziwa ni zuri kuoga ila si kila ufuko, sehemu zenye majani kuna kichocho. Wewe ni nesi, unajua.

Nesi Mtarajiwa:

Asante sana dada. Neti nitabeba kabisa. Kutoka uwanjani mpaka Mwanga nipande nini?

Bint Ujiji:

Uwanja uko karibu, ni dakika chache tu. Bajaji zipo nje. Patana bei kabla mguu haujaingia, na akikuuliza ni mgeni, mwambie unakwenda kwa dada yako Bint Ujiji. Ukitua siku ya mapumziko yangu nitakuja mwenyewe, nitumie siku na saa faragha.

Mtoto wa Relini:

Angekuja na treni tungempokea stesheni na ngoma.